Lita na Joto: Ng'ombe wa Maziwa Anayefaa Nchi za Joto

Kwa karibu miaka mia moja, Afrika Mashariki ililikwepa tatizo la joto kwa kuwafuga ng'ombe wa Ulaya milimani. Friesian, Ayrshire, Jersey na Guernsey waliletwa na walowezi, wakapelekwa Kinangop, Limuru, Nakuru na miteremko ya Kilimanjaro na Meru; baadaye wakaenea hadi Rungwe na Njombe. Huko usiku una baridi na majani huota sehemu kubwa ya mwaka. Mwinuko ukawafanyia ng'ombe hao kazi ambayo jeni zao hazikuweza kuifanya.

Njia hiyo sasa imebana. Mashamba ya milimani yamegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka familia nyingi zimebaki na ekari moja au chini yake. Wanywaji wa maziwa wako Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu, Morogoro na Dodoma. Hali ya hewa nayo inazidi kuwa ya joto, hata huko juu. Ng'ombe wa maziwa anashuka bondeni na pwani, na swali lililobaki ni ng'ombe yupi ashuke.

Wengi hulijibu kwa kuchagua upande. Wapo wanaosema anayetaka maziwa alete Friesian halisi, ajenge banda zuri, amlishe na kumnywesha ipasavyo. Wapo wanaosema ng'ombe wa nundu ndiye wa nchi hii, na mgeni ni hasara tupu. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande unaacha nje nusu ya habari. Ninaloshikilia mimi ni kwamba elimu ya urithi imekwisha kulijibu swali hili kwa sehemu kubwa: jeni za kustahimili joto zipo, zinarithiwa, na zinaweza kukaa ndani ya ng'ombe mmoja pamoja na jeni za maziwa. Kinachotukwamisha ni kuchagua madume kwa kumbukumbu za ng'ombe waliokamuliwa kwenye baridi ya nchi nyingine.

Maziwa yenyewe ni joto

Ng'ombe wa maziwa hupata joto kutoka pande mbili: jua na hewa kwa nje, na kazi ya mwili wake kwa ndani. Katika tumbo lake la kwanza, vijidudu huchachusha majani na pumba usiku na mchana, na uchachushaji huo hutoa joto. Ini, moyo na kiwele navyo hutoa joto vinapogeuza chakula kuwa sukari, mafuta na protini za maziwa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1990 vilionyesha kwamba ng'ombe anayetoa kilo 18 hivi za maziwa kwa siku huzalisha joto linalomzidi ng'ombe asiyekamuliwa kwa zaidi ya robo; anayetoa kilo 31 hivi humzidi kwa karibu nusu. Hapo ndipo penye shina la tatizo. Kila kizazi kilichochaguliwa ili kuongeza lita kimechaguliwa pia, bila mtu kukusudia, kuongeza joto linalopaswa kutoka mwilini.

Lisipotoka, mwili huanza kujitetea. Mtazame Friesian ndani ya banda la Tanga, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Amesimama na hataki kulala, kwa sababu akisimama upepo humpata mwili mzima. Mbavu zinapanda na kushuka. Ukihesabu pumzi zake kwa dakika moja, pale ulipotarajia 30 hivi utapata 80 au zaidi. Shingo ameinyoosha, mdomo umeanza kufunguka na udenda unadondoka. Majani ya tembo aliyowekewa asubuhi yamenyauka horini, na kucheua ameacha. Udenda ule unaopotea chini una chumvi za kupunguza asidi tumboni. Zikipungua, tumbo huchachuka kupita kiasi na mafuta ya maziwa hushuka. Damu imesukumwa kwenda kwenye ngozi ili ipoe, na kiwele kinapata pungufu.

Zamani ilidhaniwa kwamba maziwa hupungua kwa sababu ng'ombe hali tu. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hilo kwa kuweka kundi moja kwenye joto na jingine kwenye ubaridi, kisha wakawapa wale wa kwenye ubaridi kiasi kilekile kidogo cha chakula walichokula wenzao. Ikaonekana kwamba upungufu wa chakula unaeleza karibu nusu tu ya maziwa yaliyopotea. Nusu iliyobaki ni kazi ya joto lenyewe katika namna mwili unavyogawa sukari na nguvu. Kwa hiyo hata mfugaji anayelisha vizuri hawezi kulimaliza tatizo hili kwa chakula peke yake.

Mzigo wa joto hupimwa kwa kipimo kinachounganisha joto la hewa na unyevu, kwa kifupi THI. Kwa miaka mingi 72 ilihesabiwa kuwa mpaka ambao ng'ombe wa maziwa akiuvuka huanza kuumia. Kwa wale wenye maziwa mengi, utafiti wa baadaye uliushusha mpaka huo hadi 68. Sasa piga hesabu ya pwani. Mchana wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75 una THI ya 85. Usiku wa nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 80 una THI ya 73, maana yake ng'ombe hapati nafasi ya kupoa hata alfajiri. Nyuzi 24 zilezile kwenye hewa kavu yenye unyevu wa asilimia 40 ni THI isiyofika 70. Ndiyo sababu mahali pakavu penye jua kali, kama Dodoma wakati wa kiangazi, usiku unaweza kumrudishia ng'ombe nafuu ambayo pwani haimpi.

Hasara nyingine haionekani kwenye ndoo ya leo. Ng'ombe mwenye joto kali huonyesha dalili hafifu za kuhitaji dume, na kiinitete chake huweza kufa katika siku za mwanzo. Mfugaji huigundua hasara hiyo miezi mingi baadaye, anapokuwa na ng'ombe mkavu ambaye hajazaa.

Ng'ombe wa nundu alivyojengwa

Ng'ombe wa dunia wana mashina mawili makubwa. Shina la wasio na nundu lilifugwa kwanza Mashariki ya Kati, yapata miaka 10,000 iliyopita. Ndilo lililozaa ng'ombe wa Ulaya. Shina la wenye nundu, zebu, lilifugwa katika bonde la mto Indus miaka ipatayo 8,000 iliyopita. Mashina hayo yalikuwa yametengana muda mrefu sana kabla ya mwanadamu kumfuga hata mmoja wao, na zebu aliyapitia maelfu hayo ya vizazi kwenye joto.

Zebu wa Afrika Mashariki ana historia yake. Vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake vinaonyesha kwamba mama zake wa kale walikuwa ng'ombe wa Afrika wasio na nundu, huku sehemu kubwa ya vinasaba vyake vingine ikiwa ya zebu. Maelezo yanayokubaliana na hali hiyo ni kwamba madume wa nundu waliingia kutoka Asia na kupanda majike wa hapa, kizazi baada ya kizazi. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020, ambao ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, ilishiriki, ulikadiria kwamba mchanganyiko huo ulishika kasi kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita, na kwamba ulikusanya mahali pamoja jeni za kuvumilia joto, ukame na maradhi. Hivyo ng'ombe tunayemwita wa asili naye ni chotara, aliyeimarishwa na wafugaji wa Kiafrika kwa kuchagua na kwa kupoteza walioshindwa.

Uwezo wake hauko kwenye nundu. Uko kwenye ngozi yenye tezi nyingi na kubwa za jasho, kwenye manyoya mafupi, laini, yanayolala, kwenye ngozi pana inayoning'inia shingoni, na kwenye mwili unaofanya kazi polepole na kutoa joto kidogo. Uko pia ndani ya seli. Viinitete vya Brahman, ambaye ni zebu wa Marekani, vilipowekwa maabara kwenye joto kali vilidhurika kidogo kuliko vya Holstein, ndugu wa karibu wa Friesian. Kiinitete hakina manyoya wala jasho. Kinga hiyo imo kwenye vinasaba vyenyewe.

Kwa nini basi zebu wetu hutoa lita moja hadi tatu kwa siku? Sehemu ya jibu ni ule mwili wa polepole: mnyama anayetoa joto kidogo ndani hawezi pia kuendesha kiwele kikubwa. Sehemu kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyemchagua kwa ajili ya maziwa ya kuuza. Alichaguliwa atembee kwenda majini, avuke ukame, amkuze ndama na ampe mwenyewe kibuyu. Brazil inatuonyesha yanayotokea mtu anapobadili kigezo. Gir, zebu wa Gujarat nchini India, walipelekwa huko tangu karne ya 19. Mwaka 1985 shirika la utafiti la Embrapa na chama cha wafugaji wa Gir walianza kuwapima madume kwa maziwa ya binti zao. Leo Gir wa maziwa wa Brazil ni mnyama mwingine kabisa kwa uzalishaji, na nundu yake iko palepale.

Jeni nyingi ndogo, jeni chache kubwa

Maziwa hayaongozwi na jeni moja. Ni maelfu ya tofauti ndogondogo zilizotawanyika kwenye jozi 30 za kromosomu za ng'ombe, kila moja ikichangia kidogo. Katika kundi moja lenye matunzo yanayofanana, karibu theluthi moja au robo ya tofauti za maziwa kati ya ng'ombe hutokana na urithi unaoweza kupitishwa kwa ndama. Kwa uwezo wa kudhibiti joto la mwili wakati wa jua kali, utafiti uliofanywa Florida kwa ng'ombe wa Holstein ulipata sehemu ya urithi ya asilimia 17. Ni ndogo, lakini inatosha kabisa kwa uteuzi. Sifa nyingi za uzazi zina urithi mdogo kuliko huo na bado zimeboreshwa.

Katikati ya wingi huo zipo jeni chache zenye nguvu kubwa. Moja ni DGAT1, iliyoko kwenye kromosomu ya 14 na kutambuliwa mwaka 2002. Ina sura mbili: moja huongeza mafuta na kupunguza ujazo wa maziwa, nyingine huongeza ujazo na kupunguza mafuta. Zebu karibu wote wana sura ya mafuta. Kwa hiyo mfugaji anayelinganisha lita za zebu na lita za Friesian analinganisha vitu viwili visivyo sawa, hasa pale kiwanda kinapolipa kwa mafuta au familia inapotengeneza samli.

Nyingine ni ile iitwayo SLICK, na inastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika kisiwa cha St. Croix, kwenye Visiwa vya Virgin vya Karibi, kuna ng'ombe waitwao Senepol, wenye manyoya mafupi mno na wasioyumbishwa na jua. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba sifa hiyo inatokana na herufi moja tu ya vinasaba iliyodondoka kwenye jeni ya kipokezi cha prolaktini, kwenye kromosomu ya 20. Herufi hiyo ikikosekana, usomaji wa jeni huharibika na kukatika kabla ya mwisho. Kipokezi chenye asidi amino 581 hupoteza 120 za mwisho. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kumpa ndama manyoya mafupi.

Ajabu iko kwenye homoni yenyewe. Prolaktini ndiyo inayokiandaa kiwele kutoa maziwa. Kumbe ndiyo pia inayosimamia ukuaji wa manyoya na mambo ya jasho. Utafiti huohuo ulieleza kisa cha New Zealand, ambako mabadiliko kwenye jeni ya prolaktini yalizaa ng'ombe wenye manyoya mengi marefu, wasioweza kupoza miili yao na wasiotoa maziwa. Homoni moja, kasoro mbili, matokeo yaliyopishana kabisa. Senepol na wenzao wenye SLICK hutoa maziwa kama kawaida, kwa sababu sehemu iliyokatika haikizuii kiwele kufanya kazi yake.

Holstein wenye manyoya mafupi walikuwa wakionekana Puerto Rico, na Chuo Kikuu cha Florida kiliiingiza sifa hiyo kwenye Holstein wake kwa kupandisha kizazi baada ya kizazi. Wakati wa kiangazi ng'ombe hao walikuwa na joto dogo la mwili kuliko ndugu zao wenye manyoya ya kawaida, na maziwa yao yalipungua kidogo zaidi. Baadaye aina nyingine za SLICK zilipatikana kwa ng'ombe wa Amerika ya Kusini waliotokana na mifugo ya Wahispania, kila moja ikiwa imezuka peke yake kwenye jeni ileile. Jua la tropiki liliwachagua mara kadhaa, mahali tofauti. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kuuzwa kwa mazao ya ng'ombe wa nyama waliotiwa sifa hiyo kwa kuhariri jeni. Tofauti kati ya kuhariri na kupandisha ni muda: kupandisha huhitaji vizazi vingi mpaka damu ya maziwa irudi.

SLICK ni msaada wa kweli, lakini si tiba ya kila kitu. Inarahisisha joto kutoka. Haipunguzi joto linalotengenezwa na kiwele, haimkingi ng'ombe na kupe, wala haimpi majani. Kwa chotara ambaye tayari amerithi ngozi laini ya zebu, faida yake haiwezi kutarajiwa kuwa kubwa kama kwa Holstein halisi.

Chotara, na kizazi kinachofuata

Njia iliyotumika zaidi kuunganisha maziwa na uvumilivu ni kupandisha. Chotara wa kwanza, nusu zebu nusu mgeni, ana zawadi ya ziada inayoitwa nguvu ya uchotara: katika kila jeni amepokea nakala moja kutoka kila shina, na nakala dhaifu ya upande mmoja hufunikwa na nzima ya upande mwingine. Hukua vizuri, hushika mimba, huishi muda mrefu na hukamuliwa mara kadhaa zaidi ya mama yake zebu.

Mfugaji akiona hivyo, huita mhimilishaji na kumpandisha chotara wake kwa mbegu ya Friesian, kisha binti yake tena kwa Friesian. Damu ya kigeni inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75, kisha 87. Nguvu ya uchotara nayo inashuka kwa nusu kila hatua. Mapitio ya majaribio ya nchi nyingi za tropiki yaliyotolewa na FAO mwaka 1987, kazi ya Cunningham na Syrstad, yalionyesha kwamba maziwa huongezeka karibu kwa mstari ulionyooka hadi damu ya kigeni ifike nusu. Baada ya hapo ongezeko hukoma au hupungua. Kinachoendelea kupanda ni mahitaji ya chakula, dawa na kivuli. Ndiyo njia ambayo wafugaji wengi wa bondeni hupitia, kwa sababu mbegu inayopatikana dukani ni ya Friesian na ushauri wanaopewa ni wa kuongeza damu.

Zipo njia za kusimamia mchanganyiko huo. Ya kwanza ni kutengeneza aina mpya. Brazil iliitambua rasmi Girolando mwaka 1996, ng'ombe mwenye sehemu tano kati ya nane za Holstein na tatu za Gir, na sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hiyo hutoka kwa Girolando na machotara wa namna hiyo. Jamaica ilitangulia: Dkt. Thomas Lecky aliichanganya Jersey na Sahiwal, zebu wa Asia, pamoja na kiasi kidogo cha Holstein, na Jamaica Hope ikatambuliwa mwaka 1952. Tanzania nayo ilikuwa na jaribio lake. Kwenye kituo cha Mpwapwa, damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Asia iliunganishwa na ya zebu wa Tanzania, Boran na kiasi cha ng'ombe wa Ulaya, akapatikana ng'ombe wa Mpwapwa, mvumilivu wa ukame wa Dodoma. Aina hiyo haikuwahi kufikia idadi kubwa, na sababu inafundisha: aina mpya huhitaji kundi kubwa, uteuzi usiokatika na fedha za miaka mingi. Wazo la Mpwapwa lilikuwa sahihi, likakosa uendelezaji.

Ya pili ni mzunguko wa madume. Mfano wetu wa karibu zaidi uko kwenye pwani ya Kenya, katika shamba la Kilifi Plantations, ambako kwa miongo mingi madume wa Ayrshire na Sahiwal walipokezana: binti wa Ayrshire akapandwa na Sahiwal, binti wa Sahiwal akapandwa na Ayrshire, na baadaye Brown Swiss na Friesian wakaongezwa. Mpangilio wa aina mbili huishia kwenye theluthi mbili za aina ya baba na theluthi moja ya aina nyingine, na hubakiza theluthi mbili za nguvu ya uchotara bila kuisha. Aina mpya iliyofungwa, kama ya tano kwa nane, hubakiza chini kidogo ya nusu. Kumbukumbu za Kilifi zilitumiwa na watafiti wengi, kwa sababu zilikuwa kitu adimu: maziwa, uzazi na ukoo wa ng'ombe wa tropiki vilivyoandikwa bila kukatika, kwenye joto na unyevu wa kweli. Mzunguko huo ni mgumu kwa mwenye ng'ombe wawili, lakini hauhitaji afuge dume: anachohitaji ni mhimilishaji mwenye mbegu za aina mbili, na daftari linaloonyesha ng'ombe wake amezaliwa na dume gani.

Je, lazima tuchague kati ya joto na maziwa?

Hoja nzito ya wanaokata tamaa ni kwamba maziwa na uvumilivu vinapingana, hivyo kuongeza kimoja ni kupoteza kingine. Upinzani huo umepimwa. Mwaka 2000 Ravagnolo na Misztal wa Chuo Kikuu cha Georgia walichukua rekodi za maziwa za Holstein wa jimbo hilo, wakaziunganisha na takwimu za vituo vya hali ya hewa. Walikuta kwamba juu ya THI 72 maziwa hupungua kwa karibu kilo 0.2 kwa siku kwa kila nukta inayoongezeka, na kwamba uhusiano wa kijenetiki kati ya wingi wa maziwa na uvumilivu ni hasi, karibu −0.3. Uhusiano kamili wa kupingana ungekuwa −1. Nambari ya −0.3 ina maana kwamba ukichagua maziwa peke yake uvumilivu utashuka taratibu, jambo lililotokea. Lakini ina maana pia kwamba wapo madume wengi ambao binti zao wana maziwa mengi na hawayumbishwi na joto. Wanapatikana kwa anayewatafuta.

Australia iliwatafuta. Watafiti wa jimbo la Victoria waliunganisha maziwa, hali ya hewa na vinasaba, wakatoa makadirio ya uvumilivu kwa ng'ombe mmoja mmoja. Kisha waliyajaribu: majike 24 waliotabiriwa kuwa wavumilivu na 24 waliotabiriwa kuwa dhaifu waliwekwa kwenye joto la kutengenezwa kwa siku nne. Waliotabiriwa kuwa wavumilivu walipoteza maziwa kidogo, na miili yao haikupanda joto kama ya wenzao. Tangu mwisho wa mwaka 2017 mfugaji wa Australia anaweza kuisoma thamani hiyo kwenye orodha ya madume.

Yote hayo yamewezekana kwa sababu mbili: vipimo vya vinasaba vimekuwa nafuu, na kumbukumbu zilikuwepo tayari. Kipimo cha vinasaba kisicho na kumbukumbu za maziwa nyuma yake hakisemi chochote.

Mbegu inayokuja na historia yake

Hapa ndipo lilipo deni letu. Mbegu nyingi za Holstein zinazouzwa hapa hutoka Marekani, Kanada na Ulaya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu madume wote wa Holstein wa Amerika ya Kaskazini wanaotumika kwa uhimilishaji wamebeba kromosomu Y ya madume wawili waliozaliwa miaka ya 1960, Elevation na Chief. Chief alieneza maziwa, na pamoja nayo akaeneza jeni yenye kasoro inayoua mimba pale ndama anapoipata kutoka kwa wazazi wote wawili. Uteuzi mkali wa mahali pamoja hubeba mazuri na mabaya ya mahali hapo.

Dume anayeongoza orodha huko ni yule ambaye binti zake walifaulu kwa chakula cha nafaka, mabanda yenye feni na majira ya baridi. Kwenye mazingira mengine mpangilio wa madume unaweza kupinduka, dume wa kumi akawa wa kwanza. Jambo hili wataalamu wa urithi walilieleza zamani, na tiba yake wanaijua: kuwapima binti za madume mahali watakapoishi.

Kazi hiyo imeanza. Mradi wa African Dairy Genetic Gains ulioongozwa na ILRI ulianza katikati ya miaka ya 2010 Tanzania na Ethiopia, na wanasayansi wa Kiafrika kama Okeyo Mwai na Raphael Mrode wakiwa mstari wa mbele. Maziwa, uzazi na afya vya ng'ombe wa wafugaji wadogo huingizwa kwenye simu na vifaa vya mkononi, na mfugaji hurudishiwa ushauri kwa ujumbe mfupi. Vinasaba vya machotara hao hupimwa, na ukoo usioandikwa popote ukafahamika. Vipimo vimethibitisha jambo muhimu: mchanganyiko wa damu wa chotara haujulikani vyema kwa kumtazama rangi na pembe. Utafiti wa mwaka 2020 uliotumia rekodi za wafugaji wadogo wa Tanzania ulionyesha maziwa yakishuka kadiri THI ilivyopanda. Kwa maneno mengine, yale yaliyofanywa Georgia yanawezekana kufanywa na ng'ombe wa Watanzania, kwenye mabanda ya Watanzania.

Ipo tahadhari ambayo wachaguzi wa madume wanapaswa kuizingatia. Utafiti wa Florida umeonyesha kwamba ng'ombe akiteswa na joto katika miezi ya mwisho ya mimba, binti aliye tumboni huja kutoa maziwa machache maishani mwake, ingawa jeni zake hazina kasoro. Bila kumbukumbu ya mwezi aliozaliwa, binti kama huyo atahesabiwa dhidi ya baba yake kimakosa. Tena kivuli na maji kwa ng'ombe mwenye mimba aliyekaushwa, ambaye wengi humsahau kwa kuwa haleti fedha wakati huo, ni uwekezaji kwa kizazi kinachofuata.

Linaloweza kufanywa sasa

Wapo watakaosema jeni ni anasa wakati ng'ombe wana njaa. Ni kweli kwamba chakula, maji na kivuli hutangulia: hakuna jeni inayotoa maziwa bila majani. Ni kweli pia kwamba ndigana kali humuua ng'ombe wa kigeni kabla joto halijamfikia. Lakini hoja hizo zinaongeza uzito wa uteuzi wa hapa. Mnyama anayehitaji chakula kidogo ili aishi, asiyepandisha joto haraka na anayestahimili maradhi ya kupe hutoa faida kwa kila gunia la pumba analopewa. Isitoshe, banda zuri linasaidia ng'ombe waliomo ndani yake, ilhali dume aliyechaguliwa vizuri anasaidia binti zake wote na wajukuu wake.

Kwanza, vituo vya mbegu vya Usa River na Kabete viwe na madume waliopimwa kwa binti waliokamuliwa pwani na nyanda za chini, wakiwemo Sahiwal, Boran na machotara bora. Na orodha za madume zionyeshe thamani ya uvumilivu wa joto kando ya lita. Kundi la Sahiwal la Naivasha, lililowekwa miaka ya 1960, ni hazina iliyopo tayari. Pili, kigezo kibadilike kutoka lita za siku bora kwenda maziwa ya mwaka mzima pamoja na ndama: ng'ombe wa lita 10 asiyeshuka Februari na anayezaa kila mwaka anamzidi wa lita 20 anayeshuka hadi 8 na kukaa miaka miwili bila mimba. Tatu, ushauri wa kuongeza damu ya Friesian bila kikomo ukomeshwe kwa maeneo ya joto, na mfugaji aelezwe wazi apandishe nini baada ya chotara wa kwanza. Nne, zebu wa asili walindwe na wapimwe kabla hawajamezwa na kupandisha kusikokuwa na mpango, maana jeni wanazobeba hazinunuliki tena zikipotea.

Hatua hizo nne zinasimama juu ya ya tano, ambayo iko mikononi mwa vyama vya ushirika, halmashauri, kaunti na mfugaji mwenyewe: kuandika. Dume gani, alizaliwa lini, amezaa lini, lita ngapi leo. Gir wa Brazil, ng'ombe wa Kilifi na Holstein wa Australia walifika walipofika kwa kumbukumbu za namna hiyo zilizotunzwa miaka mingi. Serikali inayogharimia ukusanyaji wake bila kusubiri mfadhili itakuwa imemchagulia mtoto wa mfugaji wa leo ng'ombe atakayemkamua kwenye joto la miaka ijayo, ambalo litakuwa kali kuliko hili.